Jinsi ya kuchagua mbwa wakati mmoja wenu nyumbani ana mzio

Watoto wanamtaka mbwa, baba ameshakubali, lakini mama akikaa nusu saa tu penye mbwa macho yanamwasha na pua inaanza kutiririka. Familia nyingi zikifika hapo hukimbilia orodha za "mbwa wasioleta mzio" zilizojaa mtandaoni, zikachagua mwenye sura ya kuvutia, zikalipa. Miezi michache baadaye mbwa anatafutiwa nyumba nyingine, watoto wanalia, na mama anabebeshwa lawama isiyo yake.

Orodha hizo zinakupa aina ya mbwa. Unachohitaji wewe ni mbwa mmoja mahususi, ambaye mwenye mzio wenu ameshakaa naye karibu, mara kadhaa, na mwili wake ukatulia. Hatua zinazofuata zote zinaelekea huko. Zinachukua wiki, pengine miezi, na ziko familia zitakazomaliza zikiwa zimeambiwa hapana.

Hatua ya 1: Fahamu kinachomdhuru

Watu husema "mzio wa manyoya," lakini manyoya ni chombo tu cha kubebea. Kinachosumbua ni protini zilizomo kwenye mate ya mbwa, kwenye mba wa ngozi yake na kwenye mkojo. Mwenye mzio ana kinga ya mwili inayozichukulia protini hizo kama adui, ingawa hazina sumu yoyote. Mbwa anajilamba, mate yanakauka juu ya manyoya, kisha yanapukutika pamoja na mba na kuwa vumbi laini. Chembe nyingine hazifiki hata mikromita 5, hivyo huelea hewani kwa saa kadhaa kabla ya kutua. Hung'ang'ania nguo pia. Ndiyo sababu protini za mbwa hupatikana kwenye madarasa ya shule, na hata kwenye nyumba ambazo hazijawahi kufuga mbwa.

Wataalamu wamezipa protini hizi majina yanayoanza na Can f, kutokana na jina la kisayansi la mbwa, Canis familiaris. Iliyo maarufu zaidi ni Can f 1, inayopatikana kwa wingi kwenye mate na mba. Kumbuka pia Can f 5, maana inaweza kubadilisha kabisa uamuzi wenu, kama utakavyoona.

Hatua ya 2: Mwende kwa daktari kabla ya kwenda kwa mfugaji

Mtu anayesema "mbwa wananidhuru" anaweza kuwa anadhuriwa na kitu kingine kabisa: utitiri wa vumbi kwenye zulia analolalia mbwa, chavua aliyotoka nayo mbwa bustanini, au paka wa nyumba ile ile. Mkikosea hapa, hatua zote zinazofuata zitakuwa za kubahatisha.

Vipimo vya kawaida ni viwili. Cha ngozi ni kuwekewa matone kwenye mkono na kudonolewa kidogo, kisha kusubiri dakika 15 hadi 20 kuona kama panavimba. Cha damu hupima kingamwili za mzio ziitwazo IgE. Dawa za mzio za kumeza, yaani antihistamini, huharibu majibu ya kipimo cha ngozi, kwa hiyo muulize daktari ni siku ngapi kabla mgonjwa aache kuzitumia. Kipimo cha damu hakiathiriki na dawa hizo.

Jambo moja husahaulika: kipimo kikionyesha ndiyo, hakisemi mtu ataumwa kiasi gani. Wapo ambao damu yao ina IgE za mbwa na wanaishi na mbwa bila chafya. Daktari mzuri ataoanisha majibu na historia ya mgonjwa, hataishia kwenye karatasi ya maabara.

Sasa turudi kwenye Can f 5. Ombeni kipimo cha damu kinachotenganisha protini moja moja, kama maabara inacho. Can f 5 hutengenezwa kwenye tezi dume ya mbwa, hivyo ni suala la madume, na hufika kwenye manyoya kupitia mkojo. Katika baadhi ya tafiti, karibu 30% ya wenye mzio wa mbwa walikuwa na mzio wa protini hii peke yake. Mtu wa namna hiyo anaweza kuishi na mbwa jike bila shida kubwa. Dume aliyehasiwa pia huitengeneza kwa kiwango kidogo sana, kwa sababu tezi yake husinyaa. Hebu fikiria: familia inazunguka mwaka mzima ikitafuta mbwa wa aina adimu, kumbe ilichohitaji ni jike wa kawaida. Hata hivyo majibu haya hayaondoi haja ya kujaribu kwanza. Yanawaonyesha pa kuanzia kutafuta.

Na kama mwenye mzio ana pumu isiyotulia, au amewahi kulazwa kwa kubanwa na kifua, ushauri wangu ni mfupi: acheni. Mafua ya mzio ni kero. Shambulio la pumu linaweza kuua. Rudini kwenye mazungumzo haya pumu ikishadhibitiwa, na daktari akiwa amesema kwa mdomo wake kwamba mnaweza kujaribu.

Hatua ya 3: Ondoeni orodha za aina akilini

Mwaka 2011 watafiti wa Detroit, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima vumbi la nyumba zenye mbwa wa aina zinazosifiwa kuwa hazileti mzio, wakalilinganisha na la nyumba zenye mbwa wengine. Kiwango cha Can f 1 hakikutofautiana. Mwaka uliofuata watafiti wa Uholanzi walipima manyoya ya mbwa wenyewe, na hapo ndipo penye kichekesho: Poodle, Labradoodle na wenzao wa orodha walikuwa na Can f 1 nyingi zaidi kwenye manyoya kuliko mbwa wa kawaida. Hewani, ndani ya nyumba, hawakuonekana kuwa na nafuu yoyote ya maana.

Kwa nini basi sifa hizo zinadumu? Kwa sababu mbwa wa aina hizo hawapukutishi manyoya ovyo. Poodle, Bichon Frise, Schnauzer na mbwa wa maji wa Kireno wana manyoya yanayoendelea kukua, yanayohitaji kukatwa kila baada ya wiki kadhaa. Makochi yanabaki safi machoni. Mtu akiona hakuna manyoya sakafuni, anaamini hakuna mzio. Lakini mba na mate viko pale pale, na mbwa asipochanwa hujikusanya ndani ya manyoya yaliyosokotana. Hata wasio na manyoya kabisa, kama Xoloitzcuintli wa Meksiko, wana ngozi na wana ulimi.

Kisa cha Labradoodle mwenyewe kinafundisha zaidi ya orodha yoyote. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wally Conron, aliyekuwa akisimamia uzalishaji wa mbwa katika shirika la mbwa waongozaji wa vipofu nchini Australia, aliombwa mbwa na mwanamke asiyeona aliyeishi Hawaii. Mumewe alikuwa na mzio. Conron alijaribu Poodle kadhaa, hawakufaa kwa kazi ya kuongoza, ndipo akamzalisha Labrador na Poodle. Wakazaliwa watatu. Alituma Hawaii sampuli za manyoya na mate ya kila mmoja, na mmoja tu, aliyeitwa Sultan, ndiye ambaye hakumletea mume yule mzio. Mama mmoja, baba mmoja, uzao mmoja, na bado wawili kati ya watatu hawakufaa! Dunia ilisikia nusu ya habari hii: ikakimbilia kununua machotara wa aina hiyo, ikaacha ile sehemu ya sampuli, ambayo ndiyo iliyomfikisha Sultan nyumbani kwake. Conron mwenyewe baadaye alisema hadharani kwamba anajutia wimbi alilolianzisha.

Kwa hiyo muuzaji akikuhakikishia kwamba watoto wote wa mbwa anaowauza "hawana mzio," muage kwa adabu uondoke. Ama hajui anachouza, au anajua.

Je, aina haina maana yoyote? Inayo kidogo. Mbwa mdogo ana ngozi ndogo, hivyo mba wachache, na kumwogesha si vita. Mbwa wa kutoa udenda mwingi, kama Saint Bernard au Mastiff, hutapakaza mate hadi ukutani. Asiyepukutisha manyoya hupunguza kazi ya usafi. Tumia mambo hayo kupunguza idadi ya wa kuwajaribu. Yasikufanye uache kujaribu.

Hatua ya 4: Jaribuni mbwa mmoja mmoja

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi huchoka.

Anzeni na mbwa mzima kuliko mtoto. Mtoto wa mbwa bado hana manyoya yake ya utu uzima, na dume mchanga hajaanza kutoa Can f 5 kwa kiwango atakachotoa akikomaa. Unayemjaribu leo siye utakayeishi naye mwakani. Mbwa wa miaka 2 au 3, awe wa kituo cha mbwa waliookolewa au wa mtu anayemtafutia nyumba, ameshakuwa vile atakavyokuwa.

Kabla ya kukutana, ombeni kitambaa au blanketi alilolalia mbwa huyo siku kadhaa. Lije limefungwa kwenye mfuko. Mwenye mzio alishike, akae nalo jirani jioni moja sebuleni, si kitandani. Akivimba au kubanwa, mmejiokolea safari. Asipopata kitu, haimaanishi mmefaulu. Mnaruhusiwa tu kuendelea.

Kukutana kwenyewe kuwe mahali penye mbwa huyo peke yake. Usimpime mtu ndani ya banda la mbwa 20 halafu ukamlaumu mmoja. Kukutana nje uwanjani nako kunadanganya, kwa sababu upepo hupeperusha kila kitu. Inafaa zaidi chumbani kwa anayemtunza, milango imefungwa, kwa saa moja au zaidi. Mwenye mzio amguse, amchane, amwache amlambe mkononi, kisha atazame ngozi kama inatoa mabaka. Siku hiyo asiwe amemeza antihistamini, kama daktari ameridhia, maana dawa itaficha kile mnachokitafuta. Mwenye pumu asiache dawa zake za kila siku kamwe, na kipulizo cha dharura kiwe mfukoni.

Andikeni. Chafya, macho, pua, ngozi, kifua: palepale, jioni, na asubuhi yake. Sehemu hii ya asubuhi wengi huiruka, ilhali kuna miili inayochelewa kujibu kwa saa kadhaa, hasa kifua. Msijaribu wakati wa msimu wa chavua kama mtu huyo ana mzio wake pia, na msijaribu akiwa na mafua ya kawaida, kwani hamtajua kipi ni kipi.

Rudieni ziara hiyo kwa mbwa yule yule, siku tofauti. Ziara moja nzuri haithibitishi kitu. Mwili unaweza kuvumilia leo na kukataa ziara ya tatu.

Kama ziara zote zimepita salama, ombeni kumlea kwa muda. Vituo vingi vya kuokoa mbwa hukubali, na mwenye mbwa mwaminifu pia atakubali, kwa maandishi kwamba atarudishwa bila ugomvi ikishindikana. Wiki kadhaa nyumbani kwenu zina tofauti kubwa na saa moja kwa mwenzio, kwa sababu protini hujilimbikiza polepole kwenye makochi na mazulia. Wiki ya kwanza inaweza kuwa shwari, ya tatu ikawa kilio.

Na mchunguzeni sana mtoto. Ikiwa mwenye mzio ni mtoto, naye ndiye anayemtaka mbwa kuliko wote, ataficha. Atasema kila kitu ni sawa huku akipangusa pua kwa kiganja kuelekea juu. Angalieni weusi chini ya macho, kikohozi cha usiku, kupumulia mdomo akilala, kukoroma kulikoanza ghafla. Mwili wake utasema kweli hata yeye asiposema. Kwa mtu mzima kuna kinyume chake: mama anayevumilia ili asiwaudhi watoto. Mwambieni mapema kwamba neno lake ndilo la mwisho na hatadaiwa maelezo.

Hatua ya 5: Mtazameni pia ngozi na tabia

Hili ni fupi. Mbwa mwenye ngozi inayomwasha, yenye viroboto au iliyokauka hupukutisha mba wengi, hivyo daktari wa mifugo amkague kabla ya majaribio. Mbwa anayelamba watu bila kukoma atampa shida mwenye mzio, hata kama ni mpole namna gani. Na aweze kuvumilia maji, kwa sababu ataoga sana.

Hatua ya 6: Iandaeni nyumba kabla hajaingia

Chumba cha kulala cha mwenye mzio kiwe marufuku kwa mbwa tangu siku ya kwanza. Hakuna "leo tu." Mtu hulala humo kwa muda wa saa 7 au 8, na mbwa akishazoea kitanda, kumtoa ni kumwonea. Zulia la ukuta hadi ukuta likiweza kuondolewa, liondoeni. Sakafu ngumu hupigwa deki na kuisha. Kochi la kitambaa funikeni kwa shuka linalofuliwa kila wiki.

Chujio la hewa la HEPA hunasa angalau 99.97% ya chembe za mikromita 0.3 zinazopita ndani yake, nalo linasaidia likiwekwa chumbani kwa mgonjwa. Halifikii vumbi lililokwishatua kwenye kochi, kwa hiyo lisiwafanye mkaacha kusafisha. Mashine ya kufyonza vumbi nayo iwe na chujio la namna hiyo, la sivyo itarusha upya kile ilichokiokota. Afyonze mtu mwingine, mwenye mzio akiwa nje.

Kumwogesha mbwa hupunguza protini kwelikweli, lakini kwa siku chache tu. Ili nafuu ibaki, inabidi aoge kama mara 2 kwa wiki. Kabla hamjaanza, mwulizeni daktari wa mifugo sabuni isiyokausha ngozi, maana ngozi ikikauka mba huongezeka na mtakuwa mmejichosha bure. Kumchana kufanyike nje, na asiye na mzio. Zile dawa za kupulizia zinazodai kuua mzio kwenye manyoya mimi singezitolea pesa.

Kumfuga nje kabisa hakumalizi tatizo, kwani protini huingia na nguo zenu. Tena mbwa aliyetengwa na watu huwa na kelele na huzuni.

Hatua ya 7: Dawa ziwe nyongeza

Antihistamini na dawa za kupulizia puani huwafaa wengi. Ipo pia tiba ya kuuzoesha mwili, ya sindano za protini ile ile kwa viwango vinavyopandishwa taratibu, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 3 hadi 5. Kwa mzio wa mbwa ushahidi wake ni dhaifu kuliko kwa mzio wa paka, basi muulizeni mtaalamu matarajio ya kweli. Msichague mbwa kwa hesabu ya kwamba mtu atameza kidonge kila siku kwa miaka 10 hadi 15, ambayo ndiyo kawaida ya umri wa mbwa.

Mtawasikia watu wakisema "atazoea." Wengine huzoea, na wengine mafua yao hushuka hadi kifuani yakawa pumu. Hakuna anayeweza kukuambia mapema ninyi mko upande gani. Mtawasikia pia wakitaja utafiti wa Sweden wa mwaka 2015, ulioonyesha kwamba watoto waliokuwa na mbwa nyumbani katika mwaka wao wa kwanza walipata pumu kidogo zaidi walipofika umri wa shule. Ni kweli ulionyesha hivyo, lakini ulihusu watoto wachanga. Haumsaidii mtu ambaye tayari anapiga chafya.

Hatua ya 8: Kubalianeni njia ya kutokea

Kabla mbwa hajawa wenu rasmi, andikeni ni dalili gani zikitokea atarudi, na atarudi kwa nani. Kipulizo cha dharura kikianza kutumika mara kwa mara kuliko zamani, kwa mfano, hiyo peke yake inatosha. Mweleweshe mtoto hayo kabla hajampa mbwa jina.

Ikibidi mbwa aondoke, msitegemee nafuu kesho yake. Protini hubaki ndani ya nyumba kwa wiki nyingi, hata miezi. Fueni mapazia, foronya na vifuniko vya makochi, osheni kuta na sakafu, tupeni kitanda chake. Na msimlete mbwa mwingine wa kumjaribu mpaka mgonjwa arudi katika hali aliyokuwa nayo kabla ya yule wa kwanza, la sivyo hamtajua chafya ni za nani.